Kumtafuta mgonga ribiti wa Kiskoti aliyeshukia Kilindini: nianzie wapi?

Kitukuu wa Kibokoni aliuliza:

Assalaam aleikum, na wasiokuwa Waislamu hamjambo. Nina jambo la nyumbani ambalo limenishinda kwa miaka miwili sasa, nami sioni aibu kuwauliza wenye uzoefu.

Mama yake mama yangu alizaliwa hapa Mji wa Kale wakati wa vita vya Mjarumani, yaani baina ya 1914 na 1918, na baba yake alikuwa Mskoti. Hilo halina ubishi katika ukoo wetu, kwa kuwa wazee waliomwona kwa macho yao walikuwa hai mpaka nikawa kijana, na kwa kuwa nywele za bibi zilimfanya apachikwe majina tangu akiwa chuoni. Lenye ubishi ni mengine yote. Wazee walikuwa wakisema kwamba alikuja na meli iliyokatwa vipande, na sisi watoto tulilichukua neno hilo kuwa ni mzaha, maana meli iliyokatwa vipande itamleta nani? Hakuwa mkubwa wa serikali, hakuwa na shamba huko bara, wala hakuwa mishonari. Alikuwa mtu wa nyundo, wa kugonga ribiti, yaani misumari minene ya chuma ya kushikanisha mabamba.

Vitu alivyoviacha vinaenea katika kisanduku kimoja cha biskuti. Kuna picha ya kijana aliyevaa kofia, ambayo nyuma yake pamepigwa muhuri wa mpiga picha wenye neno Paisley. Kuna kikaratasi kigumu kilichokunjwa mara mbili, chenye mihuri midogo midogo, ambacho sote tulidhani ni cheti cha shule. Na kuna kichwa cha nyundo, kirefu na chembamba kuliko nyundo yoyote ninayoijua, ambacho mpini wake ulioza zamani. Zaidi ya hayo ni maneno tu: kwamba alizungumza kwa sauti ya mtu anayemwita mwenzake ng'ambo ya Likoni, kwamba hakuwa akiisikia adhana hata akiwa amekaa chini ya ukuta wa msikiti, na kwamba bibi yetu mkuu alikuwa akigombana naye kila siku kwa sababu ya kula kwa mkono wa kushoto. Bibi alipokuwa na umri wa miaka minane au tisa, baba huyo alisafiri kwenda kwao na hakurudi. Wengine husema alifia baharini, wengine husema alikuwa na mke huko, na mjomba mmoja alikuwa akishikilia kwamba hakwenda kokote, bali amezikwa Mbaraki.

Jina lake la ukoo sitaliandika hapa, kwa sababu mama zangu wakubwa wawili wangali hai na hawajaniruhusu. Itoshe kusema kwamba linaanza kwa Mac, ambalo kwa ulimi wa Kimvita liligeuka Maka, na kwamba jina lake la kwanza ni miongoni mwa yale ambayo ukiliita sokoni kwao watageuka watu kumi. Nimelitafuta kwenye ScotlandsPeople, tovuti ya kumbukumbu za vizazi, ndoa na vifo vya Uskoti, nikapata watu zaidi ya mia. Vitabu vya reli nilivyovisoma vinawataja mainjinia na mabwana wakubwa, lakini waliopiga misumari hawamo. Nianzie wapi, na nitajuaje kwamba nitakayempata ndiye wetu?

Mzee wa Gudi alijibu:

Mwanangu, wazee wako hawakukosea hata kidogo. Meli zilikuja hapa vipande vipande, na zilikuja kutoka Paisley hasa.

Ziwa Nyanza halina njia ya kuingilia kutoka baharini, kwa hivyo meli za reli za kule ziliundwa kwanza Uskoti kwa kufungwa kwa bolti tu, kila bamba na kila ubavu ukatiwa nambari, kisha zikafunguliwa, zikapakiwa kama shehena na kuletwa Kilindini. Hapa zilishushwa kwa matishari, kwa kuwa gati za kwanza za maji ya kina hazikufunguliwa hadi 1926, halafu zikapandishwa garini mpaka Kisumu, safari ya kilomita 940 hivi. Huko ndiko zilikounganishwa upya, na safari hii kwa ribiti. Ya kwanza katika hizo ilikuwa William Mackinnon, iliyoshushwa ziwani mwaka 1900, na iliundwa na kiwanda cha Bow, McLachlan cha Paisley. Kiwanda hicho hicho ndicho kilichounda Usoga na Rusinga, ambazo ziliunganishwa Kisumu katika miaka ile vita vilipokuwa vikianza. Ikiwa bibi yako alizaliwa wakati wa vita, basi mimi ningezitazama hizo mbili kabla ya nyingine, ingawa sikuapii, kwa kuwa mafundi wa aina hiyo waliitwa pia kwa kazi za maboila na madaraja.

Sasa nikueleze kuhusu mkono wa kushoto, maana hapo ndipo nilipotabasamu. Ribiti haigongwi na mtu mmoja. Mvulana huichoma katika tanuri hadi iwe nyekundu yenye kukaribia weupe, huirusha kwa koleo, mwingine huidaka na kuitia tunduni, mmoja husimama upande wa ndani akiikandamiza kwa chuma kizito ili isirudi, na wawili husimama upande wa nje wakiigonga kwa kupokezana kabla haijapoa. Wawili hao husimama wakielekeana, kwa hivyo ilifaa sana mmoja awe wa kulia na mwenziwe awe wa shoto, ama sivyo nyundo zao zingegombania nafasi moja. Mgonga ribiti wa shoto alikuwa mtu wa kutafutwa. Bibi yako mkuu alipokuwa akimkaripia mezani, alikuwa akiukaripia mkono ule ule uliomletea kazi. Na kichwa cha nyundo chembamba na kirefu ndicho chao hasa, kwa sababu kilipaswa kufika mahali pembamba baina ya mabamba bila ya kuyajeruhi.

Uziwi nao usiuone kuwa ni hadithi ya pembeni. Mwaka 1886 daktari wa masikio wa Glasgow, Thomas Barr, aliwapima mafundi 100 wa maboila, na hakumpata hata mmoja mwenye usikivu kamili. Mimi mwenyewe nilifanya kazi karakana kwa miaka mingi, wakati ambapo ribiti zilikuwa zimekwisha kubaki kwa nadra, na bado wajukuu wangu hulazimika kuja upande wa kulia wakitaka kuniomba kitu.

Hicho kikaratasi si cheti cha shule. Kikunjue taratibu, kwenye mwanga wa dirishani, uangalie kama kuna neno Boilermakers. Ikiwa lipo, basi ni kadi ya chama cha wafanyakazi wa maboila na meli za chuma, na ile mihuri midogo ni michango aliyoilipa. Tafuta tawi na tarehe ya kujiunga. Uanagenzi wa kazi hii kwa kawaida ulichukua miaka mitano na kumalizika kijana akiwa na umri wa miaka 21 hivi, kwa hivyo ukiondoa 21 katika mwaka wa kujiunga kama fundi kamili utaukaribia mwaka wake wa kuzaliwa.

Bwana Mackinnon mwenyewe, ambaye alianza maisha akiwa karani wa duka la vyakula Campbeltown, akaishia kuwa mwenyekiti wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888, aliachiwa jina melini na katika kituo cha Mackinnon Road, pale wasafiri wanaposimama kuzuru kaburi la Sayyid Baghali. Wako ameachiwa nyundo isiyo na mpini. Itie mpini, mwanangu.

Mpekuzi wa Nyali alijibu:

Ndugu Kitukuu, kwa jina ulilonitumia kwa faragha nimempata kwa dakika ishirini tu. Yumo katika mti wa ukoo uliowekwa mtandaoni na familia moja ya Kanada: jina la kwanza ni lile lile, jina la ukoo ni lile lile, amezaliwa Greenock mwaka 1884, na kazi yake imeandikwa kuwa mgonga ribiti. Mti wenyewe unarudi nyuma hadi miaka ya 1700, kwa hivyo kazi yote wamekwisha kukufanyia. Hongera sana.

Bi Karani alijibu:

Ndugu Mpekuzi, nia yako ni njema, lakini namwomba mwenzetu asiunakili mti huo hata tawi moja. Nimeutazama. Mtu huyo wa Greenock ana watoto wawili waliozaliwa Ontario mwaka 1915 na 1917, na ikiwa ndiye, basi alikuwa akigonga ribiti Kisumu na kulea watoto Kanada kwa wakati mmoja. Greenock, Port Glasgow, Govan, Clydebank na Paisley zote zilikuwa miji ya chuma na meli, na wagonga ribiti wenye jina moja la Mac huko walikuwa wengi kama kina Juma wenye mikokoteni Marikiti. Jina na kazi havimtoshi mtu kuwa babu yako.

Kaka Kitukuu, nilifanya kazi ya ukarani wa rejista kwa muda mrefu, na baada ya kustaafu nimewasaidia jamaa watatu wa hapa pwani kuwatafuta Waskoti wao, mmoja wao baharia na wawili watu wa reli. Nilichojifunza ni kwamba tajiri aliandika na fundi aliandikwa. Usitarajie barua wala kumbukumbu za maisha. Tarajia karani aliyeshika kalamu na kumuuliza maswali manne kwa haraka, kisha jiulize ni makarani gani waliokuwa wamesimama njiani mwake: wa kuzaliwa, wa sensa, wa bandari, wa kifo. Na uanze na wa mwisho, kwa sababu ambazo nitakueleza.

Uandikishaji wa serikali huko Uskoti ulianza tarehe 1 Januari 1855, na vyeti vyao vina faida ambayo vya Uingereza havina. Cheti cha kifo cha Kiskoti humtaja baba wa marehemu na kazi yake, na humtaja mama pamoja na jina lake la ukoo wa kuzaliwa. Wanawake wa Kiskoti hawakulipoteza jina hilo katika karatasi za sheria hata wakiolewa mara tatu, jambo ambalo sisi wenye desturi ya binti fulani hatuoni ajabu kulielewa. Kwa hivyo ukikipata cheti cha kifo kilicho chake kweli, utakuwa umeyapata majina matatu mapya kwa mara moja, na katika wale mia wa mwanzo watabaki mmoja au wawili. Picha za vyeti vya vifo hufunguliwa kwenye tovuti ile baada ya miaka 50, za ndoa baada ya 75 na za kuzaliwa baada ya 100, kwa hivyo kwa mtu wa umri wake hakuna mlango uliofungwa.

Lakini huwezi kujua cheti kipi ni chake mpaka umfuate kutoka hapa Mombasa mwenyewe. Hapo ndipo watu wengi wanapopotea: huanza Uskoti na kuteremka wakitumaini kwamba njia itafika Kibokoni. Wewe anza Kibokoni, kisha upande juu.

Alisafiri bibi akiwa na miaka minane au tisa, kwa hivyo ni katikati ya miaka ya 1920. Orodha za abiria waliowasili bandari za Uingereza kutoka nje ya Ulaya zimehifadhiwa kwa miaka ya 1878 hadi 1960, zimewekwa mtandaoni, na katika miaka hiyo ya 1920 karani wa melini alikuwa akiuliza jambo ambalo hapo kabla halikuulizwa mara nyingi: unakwenda kukaa anwani gani? Umri, kazi, bandari aliyopandia na mtaa anaokwenda, vyote katika mstari mmoja. Tafuta kwa bandari na kazi kabla ya jina, na ulitafute jina kwa sura zake zote, kwa kuwa Mac na Mc ziliandikwa kwa kubadilishana, na makarani wengine waliitenga Mac kama kwamba ni jina la kati. Kumbuka pia kwamba Kenya ilianza kuitwa Kenya mwaka 1920, na hapo kabla iliandikwa kuwa ni Afrika Mashariki ya Kiingereza. Safari ya kuja imo katika orodha nyingine, za waliotoka Uingereza, za 1890 hadi 1960. Ikiwa alikuja au kurudi akifanya kazi melini, hatakuwamo katika orodha hizo zote mbili, kwa sababu mabaharia waliandikwa kwenye mikataba yao mbali.

Kuhusu zile hadithi tatu, usiidharau hata moja, kwa sababu kila moja ina daftari lake. Aliyefia baharini akiwa Mskoti ndani ya meli ya Kiingereza ya abiria au mizigo alitakiwa aingizwe katika rejista ya bahari ya Uskoti, nayo imo katika tovuti ile ile. Aliyefia hapa akiwa Mzungu alitakiwa aandikishwe, kwa kuwa sheria iliwataka Wazungu waandikishe vizazi na vifo tangu 1904, na kama aliacha hata saa na pauni chache, huenda tangazo la mirathi likatokea katika Gazeti Rasmi, ambalo lilianza kuchapwa hapa hapa Mombasa mwaka 1899 na matoleo yake ya zamani yanasomeka mtandaoni bila malipo. Mimi binafsi nimepata humo matangazo ya watu ambao hakuna kitabu kilichowahi kuwataja. Huko Uskoti nako kuna vitabu vya kila mwaka vya mirathi tangu 1876. Wazungu wote katika Himaya hii mwaka 1911 hawakufika 4,000, kwa hivyo upande wetu wa bahari ndio wenye watu wachache, na ni rahisi zaidi kumwona mtu hapa kuliko katika umati wa kule.

Sensa zao zilifanywa kila baada ya miaka kumi na hufunguliwa baada ya miaka 100. Ya 1911 itazame kwa makini, kwa sababu wanawake walioolewa waliulizwa wameolewa miaka mingapi, wamezaa watoto wangapi na wangapi wako hai. Ikiwa alikuwa na mke huko kabla hajaja, mke huyo atakuwa amejibu. Ya 1921 ilifunguliwa Novemba 2022. Kama mtu wako alikuwa hapa wakati huo, basi yule wa jina lake atakayeonekana Uskoti katika sensa hiyo si yeye, na kwa njia hiyo utawapunguza wengi.

Mwandishi wa Tononoka alijibu:

Nina neno moja tu la kuongeza. Bibi mkuu wa ndugu yetu alikuwa Mwislamu wa Mji wa Kale, na sidhani kwamba wazee wake wangemwoza kwa mtu asiyesilimu. Akisilimu, atakuwa amepewa jina jipya, na kwa desturi aliyesilimu bila ya wazee wake huitwa bin Abdalla. Kwa hivyo yeyote atakayelitafuta jina la Mac katika vitabu vya ndoa vya hapa atatoka mikono mitupu. Sheria ya kuandikisha ndoa na talaka za Kiislamu ilikuwapo tangu 1906, ingawa si kila ndoa ilifikishwa kwa mwandikishaji. Ulizia nyumbani: je, bibi aliitwa binti nani?

Kitukuu wa Kibokoni aliandika tena:

Nawashukuru nyote, na namwomba Ndugu Mpekuzi asivunjike moyo, kwa kuwa mimi mwenyewe niliutamani sana ule mti wake.

Kikaratasi nilikikunjua dirishani kama Mzee alivyoniagiza, na kilichukua karibu nusu saa kwa sababu mikunjo ilikuwa imeshikana kwa unyevu wa kaskazi nyingi. Neno Boilermakers limo. Tawi ni la Paisley, na mwaka wa kujiunga unasomeka 1907, ingawa tarakimu ya mwisho imeliwa nusu na mdudu. Ikiwa hesabu ya Mzee ni sahihi, alizaliwa kiasi cha 1886.

La pili ni kubwa zaidi kwangu. Nilikwenda kwa mama mkubwa nikamuuliza swali la Mwandishi wa Tononoka, naye akanijibu bila ya kufikiri kwamba katika cheti chake cha ndoa bibi aliandikwa binti Abdalla, na sisi sote miaka yote hiyo tulidhani Abdalla ni jina la baba wa kambo. Kisha akacheka peke yake. Nilipomuuliza anachekea nini, alinieleza kwamba bibi alikuwa akihadithia jinsi baba yake alivyokuwa na jina lake mwenyewe la kumwita, naye hakuwa akimwita kwa sauti ya chini, kwa kuwa hakuwa na sauti ya chini. Alikuwa akisimama mlangoni magharibi na kuita: Jini! Jini! Majirani wakawa wanafunga madirisha. Mwishowe bibi mkuu alipiga marufuku jina hilo nyumbani, kwa sababu hakuna mama wa Kibokoni atakayekubali mtoto wake aitwe jini saa ya magharibi.

Bi Karani alijibu:

Kaka, jina hilo ni Jean, nalo hutamkwa hivyo hivyo majirani walivyolisikia. Desturi ya Waskoti, ambayo familia nyingi za watu wa kazi ziliifuata, ni kwamba mtoto wa kiume wa kwanza huitwa kwa jina la babu mzaa baba na wa pili kwa babu mzaa mama, na mtoto wa kike wa kwanza huitwa kwa bibi mzaa mama na wa pili kwa bibi mzaa baba. Bibi yako alikuwa mtoto wake wa pekee hapa, na jina la upande wa mama halikuwa la Kiskoti, kwa hivyo naona inawezekana sana kwamba alimpa jina la mama yake mwenyewe. Ni desturi wala si sheria, na usiitumie kama ushahidi. Itumie kama taa ya kutafutia. Ingia katika sensa ya 1891 ya Paisley, utafute nyumba yenye jina hilo la ukoo, mvulana wa miaka minne au mitano, na mama aitwaye Jean, Jane au hata Janet, kwa kuwa makarani waliyachanganya majina hayo.

Kuhusu uvumi wa mke wa Uskoti, kuna daftari moja ambalo watu hulisahau kwa sababu ya haya. Tangu sheria ya 1845, kila aliyeomba msaada wa maskini katika parokia alihojiwa, na mwanamke aliyeachwa na watoto alieleza mume yuko wapi na tangu lini. Kumbukumbu hizo za Paisley zimehifadhiwa na zimewekewa faharasa. Ukimkuta humo mwanamke mwenye jina lile akisema mumewe amekwenda Afrika, hadithi ya wazee itakuwa kweli. Usipomkuta, itakuwa imepungua nguvu.

Na ikiwa mama wakubwa wataridhia kupimwa nasaba kwa mate, mpime mmoja wao kabla yako. Yeye ni mjukuu wa Mskoti huyo na amebeba takriban robo yake, na wewe kitukuu umebeba asilimia 12 au 13 hivi. Kipimo hakitakupa jina, lakini kinaweza kukuonyesha ndugu wa mbali walioko Paisley au Kanada wasiojua kwamba mpo.

Kitukuu wa Kibokoni aliandika tena:

Miezi mitatu imepita, na nimeona ni haki niwaeleze nilipofika.

Katika sensa ya 1891 nilipata wavulana wawili wa Paisley wanaofaa, wote na mama aitwaye Jean. Mmoja alifariki mwaka 1893 kwa surua. Nilikilipia cheti chake na nikakaa nikikitazama kwa muda, ingawa si wetu. Wa pili, katika sensa ya 1911, ni mpangaji katika chumba cha mjane mmoja, mgonga ribiti, umri miaka 25, hana mke. Katika kumbukumbu za maskini sikumwona mwanamke yeyote wa kumdai.

Orodha ya abiria ndiyo iliyonitoa jasho. Nililitafuta jina kwa sura saba nikalikosa, mpaka nilipofuata ushauri wa Bi Karani nikapitia ukurasa kwa ukurasa meli zilizofika London kutoka Mombasa mwaka 1925. Yumo. Jina lake limeandikwa kwa herufi moja isiyo yake, kazi ni mgonga ribiti, umri miaka 39, na anwani anayokwenda ni ya Paisley, mtaa na nambari ya nyumba. Kisha nilitafuta vifo vya Paisley kuanzia mwaka huo, na sikuhitaji kwenda mbali. Amefariki Februari 1926 kwa ugonjwa wa mapafu, katika mtaa ule ule na nambari ile ile. Jina la mama yake ni Jean, na jina lake la ukoo wa kuzaliwa sasa ninalo. Aliyetia saini kama mtoa habari ni ndugu yake, ambaye aliandika kwamba alikuwapo wakati wa kifo. Kwa hivyo hakufia baharini, hakuzikwa Mbaraki, na hakukaa Uskoti hata mwaka mmoja.

Niliupeleka mchapo wa cheti hicho kwa mama mkubwa nikamfasiria safu moja baada ya nyingine. Nilipofika kwenye safu ya ndoa nilisita, kisha nikamsomea kama ilivyo: hakuoa. Alinyamaza, akaichukua karatasi akaishika mbali kidogo na macho yake kama anayeisoma, ingawa Kiingereza hakijui. Kisha akasema, "Hao waliandika walichoambiwa. Nikaha ilisomwa hapa, na mashahidi walikula wali." Akanirudishia karatasi na kuniuliza ofisi ya vitabu vya ndoa hufunguliwa saa ngapi. Tunakwenda pamoja Jumatatu, na tutaanza kutafuta kwa jina la bin Abdalla, kuanzia 1914.